Vizibo, vifuniko au kiwambo cha sauti: mpiga shabaha alinde masikio kwa kipi?

Mlio wa bunduki hauzoeleki. Anayejisifu kwamba ameuzoea mara nyingi ni mtu ambaye masikio yake yamekwisha kupoteza sehemu ya kazi yake na mwenyewe hajagundua.

Wataalamu wa afya kazini wana kikomo kimoja kwa sauti za ghafla: desibeli 140 kwenye sikio lisilokingwa, wala si mara nyingi, hata mara moja tu. Kwa watoto Shirika la Afya Duniani limeshusha kikomo hadi 120. Sasa tazama silaha zenyewe. Bunduki ndefu ya .22 (namba hiyo ni calibre, yaani kipenyo cha risasi kwa inchi) hulia karibu na 140. Bastola ya milimita 9 hufika 160 hivi. Bunduki ya marisau ya geji 12 huwa kati ya 150 na 165, na bunduki za .223 na .308 huwa kati ya 160 na 170. Mdomo wa mtutu ukiwa na breki ya kupunguza teke, yaani msukumo wa bunduki kurudi begani, mlio hurudishwa nyuma na pembeni, akaumia mpigaji na akaumia jirani yake pia. Tena desibeli hazihesabiwi kama kilo za sukari. Kila zikiongezeka 20, shinikizo la hewa linalogonga ngoma ya sikio huwa mara 10 ya lile la awali. Kwa hiyo tofauti ya 140 na 160 inayoonekana ndogo kwenye karatasi, sikioni ni kubwa mno.

Sikio lina misuli midogo inayojikaza likisikia kelele, lakini misuli hiyo huchukua sehemu ya sekunde kujibu, na mlio wa bunduki umekwisha kabla haijaanza kazi. Kinachoharibika ni seli zenye vinyweleo katika sikio la ndani. Kila sikio lina kama 15,000 hivi, na zikifa hazioti tena. Zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba, za hezi 3,000 hadi 6,000, ambako ndiko ziliko “s”, “f” na “sh”. Ndiyo maana mtu wa namna hii hasemi kwamba hasikii. Hulalamika kwamba watu wanaguguna. Ukimwambia “fika” anasikia “shika”. Na kwa anayeweka kitako begani kulia, sikio la kushoto ndilo huumia zaidi, kwa kuwa ndilo linaloelekea mdomo wa mtutu, huku la kulia likifichwa na kichwa chake mwenyewe.

Hapa tunalinganisha njia nne: vizibo vya kuingiza sikioni, vifuniko vya kawaida, vifuniko vya elektroniki, na kiwambo cha sauti, yaani kifaa cha kupunguza mlio kinachofungwa kwenye mtutu, pamoja na risasi za chini ya kasi ya sauti ambazo watu hupenda kuzitaja kila kiwambo kikitajwa.

Vigezo vya kupimia

Swali la kwanza ni desibeli ngapi zinapungua kweli kichwani mwako, tofauti na zile zilizoandikwa kwenye pakiti. La pili, ukishavaa unabaki unasikia nini: amri ya “acha kupiga”, mwenzako anayekuita, majani yanayokanyagwa. La tatu, kifaa kikifeli utajua kimefeli au utajua baada ya mlio? La nne, kinaingilianaje na upigaji wenyewe, yaani kitako, miwani, uzito na shabaha. La tano husahauliwa sana: kinamlinda nani? Wewe peke yako, au na aliyesimama karibu nawe?

Kuhusu namba ya kwenye pakiti. Bidhaa za soko la Marekani huandikwa NRR na za Ulaya SNR, zote zikiwa ni desibeli ambazo kifaa hupunguza, na mbili hizo hazilinganishwi moja kwa moja, maana hupimwa kwa taratibu tofauti. Zote hupatikana maabara, kwa watu waliovalishwa kwa uangalifu. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, imewahi kushauri kwamba kwa maisha ya kawaida namba hiyo ikatwe asilimia 25 kwa vifuniko, 50 kwa vizibo vya sponji na 70 kwa vizibo vya aina nyingine. Haina maana kwamba sponji ni dhaifu. Maana yake watu wengi huzivaa vibaya, na wewe unaweza usiwe mmoja wao.

Vizibo vya kuingiza sikioni

*Kupunguza sauti.* Vizibo vya sponji ndivyo vyenye namba kubwa kuliko vyote, kwa kawaida NRR 29 hadi 33. Kikiingia vizuri, kizibo cha bei ya chini kabisa dukani hushinda kifuniko cha bei mara mia. Kikiingia nusu, kinaweza kukupa desibeli 10 tu, au chini ya hapo.

Kwa hiyo habari yote iko kwenye uvaaji. Mikono iwe safi. Kibiringishe kizibo kati ya vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti na kisiwe na mkunjo, kwa sababu mkunjo ni mfereji wa sauti. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, shika sikio, livute juu na nyuma kidogo. Hapo tundu, ambalo kwa kawaida limepinda, hunyooka. Sukuma kizibo ndani kikiwa bado chembamba, kisha kishikilie kwa kidole ukihesabu pole pole hadi 20 au 30 wakati kinatanuka. Wengi hupotelea hapa. Wanakisukuma, wanakiachia papo hapo, kinajitoa chenyewe.

Ukimaliza, jipime. Mtu akikutazama usoni kwa mbele asione sponji imechomoza nje. Funika masikio yote mawili kwa viganja vyako huku pana kelele ya mfululizo. Kelele ikishuka sana ulipofunika, vizibo havijakaa. Vitoe uanze tena. Sauti yako mwenyewe nayo iwe kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi, na iwe hivyo pande zote mbili.

*Unachosikia.* Kidogo sana. Maelekezo hayasikiki vizuri, na hapo ndipo ubaya unapozaliwa: mtu anachomoa kimoja asikie mwalimu anasema nini, na jirani anapiga.

*Kinavyofeli.* Kimya kimya. Kutafuna, kuzungumza na kugeuza taya hukisogeza nje taratibu, nawe huhisi chochote. Kila baada ya muda kijaribu kwa viganja. Vizibo vya sponji ni vya kutupa. Kikichafuka au kikawa hakitanuki haraka, kazi yake imekwisha.

*Upigaji.* Hapa havina mpinzani. Havigusi kitako, miwani wala kofia.

Ndani ya kundi hili wapo ndugu wawili wa kutajwa kwa ufupi. Vizibo vilivyochongwa kwa umbo la sikio lako, ambavyo mtaalamu wa usikivu huchukua kwanza nakala ya tundu lako kwa silikoni, hukaa vilevile kila siku na ndiyo faida yake kubwa kuliko namba yake. Na vizibo vyenye tundu dogo la kichujio huruhusu mazungumzo yapite na kubana sauti ya ghafla. Vinafaa porini kwa milio michache. Ndani ya jengo, kwa magazini baada ya magazini, sisi tusingevitegemea peke yake.

*Vinamfaa nani.* Mwenye bajeti ndogo aliye tayari kujifunza kuvivaa, mwenye miwani ya macho, mwenye kitako kinachogonga vifuniko. Havimfai mtoto, kwa kuwa tundu la sikio lake ni dogo na yeye hawezi kukuambia kwamba kimetoka.

Vifuniko vya kawaida

*Kupunguza sauti.* NRR 21 hadi 31, kutegemea unene wa kikombe. Huwa na namba ndogo kidogo kuliko sponji, ila mtu asiye na uzoefu huipata sehemu kubwa ya namba hiyo tangu siku ya kwanza. Unavaa, basi.

*Unachosikia.* Karibu sawa na vizibo, lakini kuinua kikombe kimoja na kukirudisha ni rahisi. Urahisi huo ni mzuri msimamizi akiwa ametangaza mapumziko, na ni hatari wakati mwingine wote.

*Kinavyofeli.* Mto unaozunguka sikio lazima uguse ngozi pande zote. Mkono wa miwani ukipita chini yake unaacha upenyo, na mikono minene inaweza kukugharimu desibeli 5 hata zaidi. Chagua miwani ya kinga yenye mikono myembamba, bapa, inayolala kichwani. Kofia yenye ukingo, mitandio na nywele zilizosukwa kwa unene vina tatizo lilelile. Uzuri wake ni kwamba kasoro hii huonekana kwa macho: msimamizi akipita nyuma ya mstari anaiona.

Mito nayo huzeeka. Jasho na mafuta ya ngozi huifanya iwe migumu na kupasuka, na watengenezaji wengi hushauri ibadilishwe kila baada ya miezi 6 hadi 12 ikitumika sana. Upinde wa juu ukipanuliwa ovyo hulegea, na vikombe vikilegea havizuii chochote. Usivitundike kwenye goti wala kwenye shingo ya chupa.

*Upigaji.* Kwa bastola hakuna neno. Kwa bunduki ndefu, unapolaza shavu kwenye kitako, kitako husukuma ukingo wa chini wa kikombe na mto unainuka. Unapolenga ndipo kinga inapofunguka, na unapolenga ndipo unapofyatua. Jaribu hivi: vaa vifuniko, shika bunduki iliyothibitishwa kuwa tupu, lenga, kisha sikiliza. Kama sauti za nje ziliongezeka shavu lilipogusa, kikombe hicho ni kinene mno kwa kitako hicho. Vipo vikombe vyembamba kwa ajili ya hili, navyo hulipa kwa namba ndogo zaidi.

*Vinamfaa nani.* Watoto, wageni, madarasa, na yeyote anayevaa na kuvua mara kwa mara. Klabu inayoazima vifaa kwa wageni iwe navyo tele. Kumvalisha mgeni sponji kwa mara ya kwanza kwenye mstari wa kupigia ni kumtakia balaa.

Vifuniko vya elektroniki

*Kupunguza sauti.* Watu huambiwa kwamba vifuniko hivi “hugundua mlio na kuuzima”. Si hivyo. Kinachozuia mlio ni plastiki, sponji na mto, sawasawa na vifuniko vya kawaida. Elektroniki hufanya kazi nyingine: vipaza sauti vya nje huokota sauti ndogo na kuzipitisha ndani, na sauti ikifika kama desibeli 82 au 85 saketi huacha kuipitisha au huibana. Kwa hiyo hata betri ikifa katikati ya zoezi, bado umevaa kinga. Na kwa sababu hiyohiyo, kifuniko chembamba chenye saketi nzuri kikiwa na NRR 19 hadi 23 hakigeuki kuwa cha 30 kwa sababu tu ni ghali.

*Unachosikia.* Hapa ndipo kinalipa bei yake. Amri, mazungumzo, hatua nyuma yako, bolti (chuma kinachofunga chemba ya risasi) ikifungwa. Vyenye vipaza sauti viwili, kimoja kila upande, hukujulisha sauti imetoka wapi. Vyenye kimoja huchanganya. Saketi duni hukata kila kitu kwa robo sekunde hivi baada ya kila mlio, na kwenye mstari wenye watu wanane unaishia kusikia vipande vya sentensi. Zinazobana sauti badala ya kuikata ni bora kwa mahali kama hapo.

*Kinavyofeli.* Yote yaliyosemwa kuhusu mito, miwani na kitako yanahusika hapa bila kupungua. Zaidi ya hayo, betri huvuja zikisahauliwa ndani, upepo huvuma kwenye vipaza sauti, mvua huingia. Kuna na kosa la kibinadamu: mtu akisikia vizuri sana husahau kama amevaa kinga yenye namba ndogo, akaenda kusimama pembeni ya bunduki yenye breki ya mtutu.

*Upigaji.* Vingi vimetengenezwa vyembamba makusudi kwa ajili ya kitako, na ndicho chanzo cha namba zake ndogo.

*Vinamfaa nani.* Mwalimu, msimamizi wa uwanja, mwindaji anayetaka kusikia, mtu ambaye tayari hasikii vizuri. Kwa mahali penye mlio mkubwa, vivalishe juu ya vizibo vya sponji na uongeze sauti ya saketi. Vizibo vinabeba mzigo, vipaza sauti vinarudisha maneno. Ukivaa viwili pamoja usijumlishe namba, 30 na 23 kuwa 53. Kanuni inayotumika kazini ni kuchukua namba iliyo kubwa na kuongeza 5. Kuna ukomo pia usiovukika kwa kifaa chochote cha sikioni, kwa sababu ikifika mahali sauti hupitia mifupa ya kichwa chenyewe.

Kiwambo cha sauti kwenye mtutu

Hii ni njia ya ukoo mwingine. Tatu za kwanza humziba msikilizaji. Hii humpunguza msemaji. Hiram Percy Maxim alipata hataza ya kiwambo chake Marekani mwaka 1909, na wazo halijabadilika: gesi ya baruti, badala ya kufumuka hewani kwa mara moja, hupitishwa kwenye vyumba vilivyogawanywa na sahani zenye tundu katikati, ikapoa na kupunguza kasi kabla ya kutoka.

Kabla ya lolote, sheria. Kuna nchi ambako kiwambo ni kifaa cha kawaida cha mwindaji, Norway ikiwa mfano, na kuna nchi ambako kumiliki tu ni kosa kubwa la jinai. Kisicho na kibali hakina nafasi katika ulinganisho huu, na cha kujitengenezea vilevile.

*Kupunguza sauti.* Kwa kawaida desibeli 20 hadi 35. Picha za sinema zimewadanganya watu hapa. Bunduki ya .308 ya 165 ikipunguziwa 30 inabaki na 135: imeshuka chini ya kikomo, lakini bado inalia kwa nguvu kuliko nyundo kwenye bati. Bunduki fupi ya .223 inayojipakia yenyewe inaweza kubaki juu ya 140 sikioni mwa mpigaji hata ikiwa na kiwambo, kwa sababu gesi nyingine hutokea kwenye dirisha la kutemea maganda, sentimita chache kutoka usoni.

Sasa fanya hesabu ya kuunganisha. Mlio wa 165, kiwambo kikiondoa 30, na sponji iliyovaliwa vizuri ikiondoa 25: sikioni inafika 110. Hakuna kifaa kimoja kati ya vinne hivi kinachofika hapo peke yake.

*Unachosikia, na nani analindwa.* Kiwambo hakizibi masikio. Na ni chenyewe pekee kinachomlinda hata asiyevaa kitu: jirani wa mstari, mbwa wa uwindaji, mkulima wa ng'ambo.

*Upigaji.* Kinaongeza gramu 300 hadi 500 na sentimita 15 hadi 20 mbele ya mtutu, mahali ambapo kila gramu huhisiwa. Teke hupungua. Shabaha huhama, hivyo lenga upya kikiwa kimefungwa na usikifungue ovyo. Kikipata moto, mvuke hupanda mbele ya darubini na alama inaanza kucheza. Bunduki zinazojipakia hurudisha gesi na masizi zaidi kwenye chemba na machoni.

*Kinavyofeli.* Kilegeapo, hupinda kidogo, na risasi hugusa sahani ya ndani. Kinaharibika kwa mlio mmoja, na risasi haiendi ulikolenga. Kikaze kwa mkono kabla ya kila zoezi na ukijaribu kila baada ya milio 10 hivi kikiwa kimepoa au ukiwa na glavu. Kwa .22, mabaki ya risasi na masizi hujaa ndani. Nunua kinachofunguka kwa usafishaji. Na mlio wa kwanza wa siku huwa mkubwa kuliko inayofuata, kwa kuwa vyumba bado vina hewa yenye oksijeni na gesi huwaka tena humo. Usikihukumu kwa mlio huo.

Na risasi za chini ya kasi ya sauti?

Bunduki hutoa sauti mbili. Moja ni mlipuko wa gesi mdomoni. Nyingine ni mpasuko wa kichwa cha risasi kinapokata hewa kwa kasi kuliko sauti, nao hutokea njia nzima kuelekea kwenye shabaha. Kiwambo hakina uwezo wowote juu ya mpasuko huo. Dawa yake ni moja: risasi iende polepole kuliko sauti.

Kasi ya sauti nayo haisimami. Hewa ikiwa nyuzi 20 ni mita 343 kwa sekunde. Ikiwa 0 ni 331. Ikiwa 20 chini ya sifuri ni kama 319. Risasi ya mita 330 ambayo mchana wa joto ilikuwa kimya, asubuhi ya barafu inaanza kupasuka. Ndiyo maana nyingi za kiwandani hutengenezwa kwa mita 310 hadi 325.

Kwa .22 ndoa hii ni nzuri kabisa. Risasi ya gramu 2.6 hivi kwa mita 320 haijapoteza mengi ikilinganishwa na ile ya mita 380, na ikiwa na kiwambo mlio hushuka hadi kama 115 au 120. Kwenye bunduki ya bolti, kinachosikika wazi ni pini ikigonga na risasi ikifika kwenye ubao.

Kwa calibre kubwa hesabu inabadilika. Risasi ya .308 ya gramu 9.7 kwa mita 855 hubeba takriban jouli 3,500. Risasi nzito ya aina iitwayo .300 Blackout, gramu 14.3 kwa mita 310, haifiki jouli 700. Kwa karatasi si kitu. Kwa mnyama mkubwa ni swali la huruma, na wengi wetu hatungeitumia. Pia huanguka haraka: iliyolengwa mita 50, ifikapo mita 100 iko chini kwa sentimita 20 hadi 25. Kukosea umbali kwa mita 15 ni kukosa shabaha.

Mengine yanayokwama ni ya kiufundi. Bunduki inayojipakia inaweza kukosa nguvu ya kurudisha bolti, ganda likabaki nusu. Mtutu ambao mzunguko wa mifereji yake ya ndani haufai kichwa kirefu na kizito hauzungushi vya kutosha, risasi inayumba na kugonga kiwambo. Piga kwanza karatasi bila kiwambo, mita 25: matundu yakiwa ya duara, endelea, yakiwa marefu kama tundu la ufunguo, usifunge kiwambo. Na kwa .22 zenye baruti kidogo sana, kwenye mtutu mrefu, kichwa kinaweza kukwama ndani. Mlio ukiwa hafifu kuliko ulivyotarajia, au hukuona tundu kwenye karatasi, simama. Subiri mtutu ukielekea salama, ondoa risasi, kisha hakikisha hakuna kilichokwama ndani ya mtutu kabla ya kupiga nyingine.

Kwa anayejaza risasi nyumbani, hapa si mahali pa kubahatisha. Kupunguza baruti ya risasi ya kawaida “mpaka inyamaze” kunaweza kuacha kichwa ndani ya mtutu, au kuwasha baruti kwa namna isiyotabirika ndani ya ganda lililo nusu tupu. Asiye na takwimu zilizopimwa na mtengenezaji wa baruti kwa kichwa hichohicho anunue za kiwandani.

Kwa hali yako

Uwanja wa ndani, wa kuta na dari: mlio unarudi kutoka kila upande, na jirani huenda akawa na silaha kubwa kuliko yako. Vaa sponji pamoja na vifuniko juu yake, bila kujali unachopiga wewe. Ukiweza, vifuniko viwe vya elektroniki ili amri zisikupite.

Uwanja wa wazi, .22 tu: kimoja chochote kilichokaa vizuri kinatosha. Ila ukiona bunduki yenye breki imeletwa meza ya pili, ongeza cha pili au sogea.

Bunduki kubwa ya kulenga mbali, milio mingi, umelala tumboni: sponji kwanza, kwa sababu ya kitako. Kiwambo kama kinaruhusiwa. Vifuniko vyembamba juu yake ukipata nafasi.

Uwindaji wa mlio mmoja au miwili: elektroniki shingoni ni kinga ya shingo. Ikiwa huwezi kuvivaa saa nzima, tumia vizibo vya kichujio au kiwambo halali, ambacho hakihitaji kukumbukwa mnyama akitokea ghafla. Kwa bunduki fupi inayojipakia, kiwambo peke yake hakitoshi.

Kumfundisha mtoto: bunduki ya .22 yenye risasi za polepole, uwanja wa wazi, vifuniko vya ukubwa wake, na kiwambo pale sheria inapokubali. Mkague kwa mkono wako kila anapoinua bunduki, kidole kikizunguka mto wote, hasa sehemu ya nyuma ya taya ambako mto huinuka akicheka.

Wewe ambaye masikio yako tayari huvuma usiku baada ya uwanja: mvumo huo ni dalili kwamba kinga ya leo haikutosha, hata ukipotea kesho yake. Pumzika, nenda ukapimwe usikivu upate rekodi ya kuanzia, na ukirudi anza na kinga mbili. Mvumo usipoisha, au sikio moja likiziba ghafla baada ya mlio, usingoje wiki. Nenda kwa daktari wa masikio siku hiyohiyo.